Chumvi Inayokataa Kuganda

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo sikuja na hadithi. Nimekuja na ugomvi.

Kuna maneno yanasemwa kila tunapokutana sisi tunaojiita vijana wa kalamu, kwamba sayansi haiandikiki kwa Kiswahili. Ati Kiswahili ni lugha ya mapenzi, ya methali, ya taarabu na ya upelelezi. Lakini ukitaka kuzungumza habari za molekuli, basi vua kanzu uvae suti. Mwenzetu mmoja, mwandishi mzuri tu, alinibana kijiweni kwetu Mikumi mbele za watu: "Haya, wewe unayejifanya mjuaji, hebu tueleze vimiminika vya ioni vinafanyaje vinapokaribia kuwa kioo. Kwa Kiswahili, bila kuchomekea Kiingereza." Watu wakacheka. Kichwa hicho alikuwa amekiokota katika jarida la kitaalamu, akakichagua makusudi kwa kuwa kinatisha.

Nami nauliza: kinatisha nini? Tena ni habari inayotuhusu sisi wa Kilosa na Mikumi kuliko hao wanaoiandika huko kwao. Nitaieleza hapa, halafu msomaji aamue nani muongo.

Chukua chumvi ya mezani. Ndani yake kuna chembe za aina mbili: ioni za sodiamu zenye chaji chanya na ioni za kloridi zenye chaji hasi. Zinavutana kama chanda na pete, zimejipanga mistari kwa mistari kama askari wa gwaride. Mpangilio wa namna hiyo ndio unaoitwa fuwele. Kuuvunja kwa moto peke yake unahitaji nyuzi joto 801 za sentigredi, ndiyo maana hakuna mama aliyewahi kuona chumvi inageuka uji kikaangoni kama samli. (Chumvi kupotelea ndani ya mchuzi ni jambo jingine. Kiswahili chetu kinayaita yote mawili "kuyeyuka". Nitalirudia hilo.)

Sasa fikiria chumvi ambayo ioni zake si viduara vidogo vinavyolingana, bali moja ni kubwa, ndefu, ina mkia upande mmoja, haina umbo la kueleweka. Gwaride litapangikaje? Ni kama kupanga mikungu ya ndizi, baiskeli na magunia ya mkaa kwenye buti moja la basi: kila ukisukuma huku, kule panatokeza. Ioni kama hizo mvutano wao umepungua, na kujipanga haziwezi vizuri. Matokeo yake unapata chumvi ambayo ni maji! Chumvi tupu, hakuna tone la maji ndani yake, lakini inamwagika. Mkemia Paul Walden, mzaliwa wa Latvia, aliandika mwaka 1914 habari za moja yao, nitrati ya ethilamonia, inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 hivi. Yaani hapa Mikumi, hata alfajiri ya mwezi wa saba, ungeikuta kwenye chupa ikicheza. Leo zipo za aina nyingi mno, na wataalamu wamekubaliana kuita kimiminika cha ioni chumvi yoyote inayoyeyuka chini ya nyuzi 100.

Hapo kuna mtu amekwama? Kama yupo, kosa ni langu, si la Kiswahili.

Tuje kwenye kioo. Shuleni tuliambiwa vitu viko vya hali tatu: mango, kimiminika na gesi. Basi. Ukipoza kimiminika kinafika kiwango chake cha kuganda, kinajipanga, kinakuwa mango. Tuliandika hivyo, tena kwa Kiingereza, tukakariri kama wimbo. Lakini mama anayetengeneza kashata za karanga pale stendi anajua kwamba huo ni nusu ya ukweli, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Sukari yake haitoki mbali. Ukitoka Dar, ukifika Mikumi ukaacha barabara ya Iringa na kukata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, unaingia kwenye miwa ya Kilombero, na kiwanda cha Ruembe kiko upande wa wilaya yetu ya Kilosa. Kazi kubwa ya kiwanda kile ni kuilazimisha sukari ijipange. Maji ya miwa yanachemshwa mpaka yanakuwa mazito, yanatiwa mbegu za fuwele ndogo ndogo, na sukari inajijenga juu ya mbegu hizo punje kwa punje. Kinachobaki ni molasi, ule uji mweusi. Molasi bado ina sukari tele, lakini sukari hiyo haifiki kwenye punje. Imezungukwa na uchafu wa kila namna, na uji wenyewe una mnato mkubwa, yaani ni mzito, unavutika, hautaki kwenda. Sukari imekwama njiani.

Mama wa kashata anataka kinyume cha kiwanda. Anaiyeyusha sukari motoni, anaikamulia ndimu, anamwaga karanga, anaisambaza kwenye sinia ipoe upesi. Ndimu inavunja sehemu ya sukari kuwa sukari za aina nyingine mbili, kwa hiyo umati ule hauwezi tena kupanga gwaride. Kinachotokea ni kwamba uji unazidi kuwa mzito, unazidi, unazidi, mpaka unasimama. Umekuwa mgumu, unang'aa, ukiugonga unavunjika vipande vyenye makali. Lakini haukujipanga! Ungeweza kuzipiga picha molekuli zake ungekuta zimekaa ovyo ovyo vilevile kama zilivyokuwa katika uji wa moto. Ni kimiminika kilichoshikwa katikati ya safari. Hiyo ndiyo hali ya kioo, na kule kusimama ndiko kunakoitwa mpito wa kioo. Sukari tupu isiyo na maji husimama hivyo kwenye nyuzi sitini na kitu. Ikinyonya unyevu wa hewa, kiwango kinashuka, na ndiyo sababu wakati wa masika pipi iliyoachwa bila karatasi inanata vidoleni. Haikuoza bwana, imerudi kuwa uji.

Vimiminika vya ioni ni ndugu wa kashata. Ukivipoza, vingi havigandi kwa kujipanga, kwa sababu ile ile ya maumbo yasiyopangika. Vinapita kiwango chao cha kuganda kana kwamba hawakuona kibao, vinaendelea kushuka vikiwa bado maji, mpaka huko chini kabisa, vingi vyao kati ya nyuzi 50 na 100 chini ya sifuri, ndipo vinasimama kuwa kioo. Hata unyevu vinaunyonya kama pipi, na unyevu unavifanya vyepesi.

Sasa ndipo utamu ulipo. Ukiwa mbali juu ya mpito, kila ioni inahamahama itakavyo, mara mabilioni kwa sekunde. Shusha joto, mwendo unapungua, wala hushangai. Lakini ukikaribia, mambo yanabadilika. Panda basi la sikukuu lililojaa mpaka mlangoni. Unataka kushuka Mikumi nawe umekaa kiti cha nyuma. Huwezi kusogea mpaka aliye mbele yako asogee, naye hawezi mpaka yule mama mwenye kuku asogee, na mama hawezi mpaka konda atoke mlangoni. Hakuna aliyefungwa kamba, lakini wote mmefungwa. Kila ioni imo ndani ya kizimba kilichotengenezwa na jirani zake, na yenyewe ni ukuta wa kizimba cha jirani. Ili moja ihame lazima kundi zima lihame pamoja, na kadiri joto linavyoshuka ndivyo hamahama hiyo inavyozidi kuhitaji ushirika. Tena haiwi sawa kila mahali: kona hii ya basi watu wanasogea kidogo, kona ile wamekwama kabisa, baada ya muda inageuka.

Ndiyo maana mnato haupandi kwa hatua za kulingana. Kwanza unapanda taratibu, ukikaribia mpito unaruka. Kwa vimiminika vingi vya ioni, nyuzi mbili tatu hivi za mwisho zinatosha kuuzidisha mara kumi, na nyuzi mbili tatu nyingine mara kumi tena. Watu watatu, Vogel, Fulcher na Tammann, waliiandikia tabia hiyo kanuni moja kati ya mwaka 1921 na 1926, kila mmoja kwa upande wake, na kanuni hiyo inatumika mpaka leo. Kwa mazoea, kitu kinahesabiwa kimekuwa kioo mnato wake unapofika karibu mara milioni bilioni moja ya ule wa maji. Hapo ioni iliyokuwa ikirukaruka inachukua dakika moja au mbili kupiga hatua moja tu.

Na joto lenyewe la mpito si namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Ukipoza haraka, kimiminika kinasimama mapema, kwenye joto la juu kidogo. Ukipoza polepole, kinapata nafasi ya kujiweka sawa na kinasimama chini zaidi. Jambo hilo linanichekesha kila nikikumbuka mwalimu mmoja, jina nalihifadhi, aliyenichapa kidato cha pili kwa kuuliza kwa nini mshumaa unalainika kabla ya kuyeyuka. Yeye alitaka namba moja, mstari mmoja, chora kiboksi. Mshumaa una sababu zake nyingine, lakini swali halikustahili fimbo.

Msije mkadhani wakubwa wa dunia wamelimaliza hili. Philip Anderson, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1977, aliandika mwaka 1995 kwamba asili ya kioo huenda ndilo fumbo lenye kina kuliko yote katika nadharia ya mango. Hapajatokea jibu ambalo wote wamekubaliana nalo. Je, kimiminika kinasimama tu kwa foleni, au chini ya foleni kuna badiliko la kweli lililojificha? Wanabishana. Kwa hiyo mtu asitutishe kwamba somo hili lina wenyewe.

Jambo jingine, na hapa naomba msomaji asogeze kiti. Chumvi ikiwa maji inapitisha umeme, kwa sababu ioni zenyewe ndizo zinazobeba chaji. Ungedhani mwili ukisimama na umeme unasimama. Kwa vimiminika vingi vya ioni ni hivyo: mnato ukipanda, umeme unafifia kwa kadiri ile ile. Lakini si vyote. Changanya nitrati ya kalsiamu na nitrati ya potasiamu kwa kipimo, uyeyushe, upoze. Nazitaja hizi kwa kuwa zote mbili ni mbolea, bwana shamba anazijua. Mchanganyiko huo unakuwa kioo kwenye nyuzi 60 hivi. C. Austen Angell, mzaliwa wa Australia aliyefariki mwaka 2021 baada ya kuishi miaka mingi akifundisha Marekani, aliuchunguza kwa muda mrefu yeye na wenzake. Ukikaribia mpito, chaji ndani yake zinaendelea kupita kwa kasi mara maelfu kuliko mwili wenyewe unavyojipanga upya. Basi limekwama, watu hawasogei, lakini nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa konda. Wanaotafuta betri zisizoshika moto wanakesha kwa ajili ya tabia hii.

Haya, nimemaliza kueleza. Nimetumia mnato, fuwele, ioni, chaji. Yote ni maneno ya Kiswahili yanayochapwa vitabuni. TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990! Wengine kati yenu mlikuwa hamjazaliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1982, Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali ikasita. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikakitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ngazi zote, na hadi leo mtoto aliyejifunza sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anafika kidato cha kwanza anakuta mlango umegeuzwa. Anaanza kukariri. Matokeo yakitoka, wanamwambia hana akili ya sayansi. Nimewaona wengi Kilosa hii, wanapiga debe stendi, wanaendesha bodaboda, na wanatengeneza injini kwa kusikiliza mlio wake tu. Hao hawana akili ya sayansi?

Lakini ugomvi wangu wa leo si na Serikali. Serikali ina wagomvi wa kutosha. Ugomvi wangu ni na sisi. Nani alitukataza kuandika? Tangu Faraji Katalambulla alipotupa Simu ya Kifo mwaka 1965, tumeandika maiti na wapelelezi kwa miaka sitini, na hadithi zinazouzwa leo kwa vipande kwenye simu bado ni maiti na wapelelezi, tena na mapenzi ya kusalitiana. Sina ubaya na maiti. Ila naona aibu kwamba Kijerumani na Kiingereza vina watu wa kueleza kashata yetu, na sisi tunaoila hatuna.

Wala si mara ya kwanza Mtanzania kuchekwa kwa habari za kuganda. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto mwaka 1963 alipoona maziwa yake ya moto ya kutengenezea aiskrimu yanawahi kuganda kuliko ya wenzake. Aliuliza, wakamcheka. Akalibeba swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, hakukoma, akamuuliza profesa mgeni, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akalipima kweli. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo dunia inabishana kama jambo hilo lipo na kwa nini. Moja ya sababu zinazotajwa ni hiyo hiyo ya kimiminika kupita kiwango chake cha kuganda bila kuganda. Makala ile ilichapwa kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili ya kijana yule na maziwa yake, mimi sijaiona.

Sasa nisikie sauti kutoka nyuma: "Sawa, lakini inatusaidia nini?" Swali zuri. Jibu liko Kimamba na Rudewa, limesimama kwenye jua. Mkonge! Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 nchi hii ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 200,000, ya kwanza duniani. Halafu zikaja kamba za nailoni na bei ikaanguka. Majani ya mkonge ya kilo 100 yanatoa kilo 4 hivi tu za nyuzi. Mengine, ambayo mengi ni maji, yanatupwa. Katika nyuzi zenyewe na katika makapi hayo kuna selulosi, ile ile ya pamba na karatasi. Selulosi haiyeyuki katika maji wala spiriti, kwa kuwa minyororo yake imeshikana mikono kwa maelfu. Mwaka 2002 kundi la Robin Rogers huko Marekani lilionyesha kwamba kimiminika cha ioni chenye kloridi kinaiachanisha mikono hiyo: kloridi zinaishika zenyewe, minyororo inaachiana, selulosi inapotelea ndani. Ukiongeza maji, inarudi, unaivuta uzi au unaitandaza karatasi laini, na chumvi yako unaikamua uitumie tena.

Kikwazo? Mnato. Chumvi ile iko nyuzi nyingi juu ya mpito wake, lakini kivuli cha mpito ni kirefu, kinaifanya iwe nzito kama asali na zaidi, na ukitia selulosi inazidi. Lazima uipashe moto au uifanye nyepesi, na ukiifanya nyepesi kwa maji umeiharibu kazi yote. Tena chumvi hizi ni ghali. Simwambii mtu akajenge kiwanda Kimamba kesho. Nasema kijana wa Kimamba ana haki ya kujua kwamba kilichozuia ni mnato, na mnato una jina la Kiswahili.

Nimebakiwa na lile niliahidi kulirudia. Udhaifu tunao, siuoni haya kuutaja, maana huo ndio wa kazi yetu sisi wenye kalamu. Tunasema maji yanaganda, samli inaganda, damu inaganda, uji unaganda, na sukari ya kashata nayo inaganda. Hayo si mambo mamoja! Maji yanajipanga kuwa fuwele. Kashata inasimama bila kujipanga. Mimi napendekeza "kuganda" tuliachie maji na wote wanaopanga gwaride, na kioo tukipe "kukakamaa", kama unavyosema kiungo cha mtu kimekakamaa: kimekuwa kigumu, lakini umbo lake ni lile lile. Na kwa "kuyeyuka" vilevile: chumvi kwa moto iyeyuke, chumvi kwenye mchuzi iwe "inamumunyika".

Mwenzangu wa kijiweni anasema "kumumunyika" ni neno la pipi na vibogoyo. Basi alete lake. Mhariri ameniahidi nafasi toleo lijalo, na nimemwomba amwekee yeye ukurasa mzima.